Moto wa Sabato Nyuma ya Maabara

Mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alikufa na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la sita. Sisemi hivi ili mnionee huruma. Nasema ili mjue mapema kwamba mtu anayewaeleza habari za asidi na besi hajawahi kukalia dawati la sekondari, na bado ni sekondari iliyomlisha mpaka akastaafu.

Kwetu ni karibu na Rodi Kopany. Baba alipotuacha, mama alibaki na watoto wengi na kipande cha shamba chenye mawe. Akafanya kazi iliyofanywa na wajane wengi wa wakati ule: akapika chang'aa. Mimi nilikuwa mchotaji wa maji ya kupoza. Pombe ikishachacha hutiwa kwenye sufuria kubwa, kifuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke, kisha mvuke hupitishwa kwenye bomba la shaba lililozamishwa ndani ya pipa la maji baridi. Humo ndani mvuke hupoa, hugeuka majimaji tena, na kudondoka upande wa pili ukiwa mweupe kama machozi. Askari walimkamata mama, wakatoboa pipa, wakabeba sufuria, lakini bomba hawakulipata kamwe. Lilikuwa limechomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya vichwa vyao.

Baadaye mama aliokoka akaiacha kazi ile. Akanikabidhi bomba. "Wuoda," aliniambia, yaani mwanangu, "peleka hili kwa watu wa chuma chakavu, sitaki kuliona tena." Sikulipeleka. Shaba ni shaba.

Kazi ya shule niliipata Migori, kwenye sekondari ya wavulana, na haikuwa kazi ya maabara. Nilikuwa mkata nyasi. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijanoa fyekeo, mzee mmoja Mkuria aliyevaa koti jeupe lenye mashimo alitoka kwenye jengo la mwisho akaniita. Alikuwa Mhudumu Mkuu wa Maabara, na siku zote nilimwita hivyo, Mhudumu Mkuu.

"Wewe kijana, una viatu vilivyofunikwa?"

"Ninavyo."

"Vivae. Njoo unioshee vyombo."

Ndani alinionyesha chupa mbili za kioo, zote zina kitu kisicho na rangi. Akauliza ya kwanza ni nini. Nikajibu maji. Na ya pili? Nikajibu maji.

"Ungekunywa?"

"Kama nina kiu."

Akachovya kijiti kwenye chupa ya pili, akakigusisha kwenye kipande cha gunia. Gunia likageuka jeusi, likatoboka. "Hiyo ni asidi ya sulfuriki," akasema. "Kuanzia leo, humu ndani hakuna kitu kinaitwa maji mpaka kithibitishwe. Umenisikia? Hata mimi nikikwambia ni maji, usiniamini."

Sikurudi kwenye nyasi. Mwalimu Mkuu wa shule hiyo, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alipita akanikuta nasuuza vioo, akauliza nani atakata nyasi. Mhudumu Mkuu akamjibu, "Mtafute mwingine, huyu havunji." Hiyo ndiyo barua yangu ya kazi.

Nitawaeleza kidogo tulichokuwa tukifanya, maana siku hizi mwanafunzi anaona bureti kwenye simu na kudhani ameishika. Asidi ni jamii ya vitu vikali kama ndimu na siki. Besi ni jamii ya pili: magadi, sabuni, maji ya majivu. Mama zetu walikuwa wakichuja maji kwenye majivu na kuyatia kwenye mboga chungu zilainike, hawakujua kwamba wameshika besi mkononi. Ukitaka kujua kitu ni cha jamii gani, unatumia karatasi ya litmasi. Asidi huifanya iwe nyekundu, besi huifanya iwe ya buluu. Ukizikutanisha jamii hizi mbili kwa kipimo sawa zinazimana, zinabaki chumvi na maji. Kutafuta kipimo hicho ndiyo kazi ya bureti, kile kioo kirefu chenye bomba dogo chini, ambacho hudondosha asidi tone kwa tone kwenye chupa yenye besi, mpaka rangi igeuke. Mwenye haraka hupitisha tone moja zaidi, na kazi yote imeharibika.

Mhudumu Mkuu alinifundisha kwa kelele. Asidi humiminwa ndani ya maji, usithubutu kumimina maji ndani ya asidi, itakurukia usoni. Chupa ya kostiki soda, ile besi kali, usiifunge kwa kizibo cha kioo, kitaganda na hutakitoa tena. Ukinyonya kwa pipeti, yaani ule mrija wa kupimia, macho yawe kwenye alama, si kwenye dirisha. Nilikuwa nikirudia maneno hayo nikitembea kwenda nyumbani. Majina ya dawa niliyajua kwa sura yake kabla sijaweza kuyasoma vizuri.

Mzee yule alipostaafu walileta mtu mwenye diploma kutoka mjini, nikabaki chini yake miaka mingi, na sina neno baya kwake. Lakini nilitaka maabara yangu mwenyewe. Kwa hiyo niliposikia kuna shule ya mseto upande wa Kosele inatafuta mtu, nilifunga mizigo nikavuka kuja Homa Bay. Bomba la mama lilikuwa chini ya kitanda, nikalifunga pamoja na godoro.

Mwalimu Mkuu wa Kosele alikuwa Msabato wa dhati. Chai ya majani hakuinywa, na kuanzia Ijumaa jua likizama hukumsikia akizungumza habari za shule. Aliniweka kwa majaribio. Akaniambia waziwazi, "Omondi, bodi inataka mtu mwenye cheti. Wewe huna hata cha darasa la saba. Mtihani wa taifa wa vitendo ukipita salama mwaka huu, nitakuwa na la kuwaambia. Ukiharibika, sina."

Nilikuwa na mke na watoto wanne kwenye chumba kimoja cha kukodi pale sokoni. Mtu wa kudumu alipewa nyumba ndani ya shule, na watoto wake walisoma pale karibu. Hicho ndicho kilichokuwa mbele yangu, na nilikitaka sana.

Mwalimu wa kemia tulimwita Madam. Alikuwa mwembamba, mkali, anaongea haraka kama watu wa Oyugis wanaouza nguo. Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu redoksi, ambayo Mhudumu Mkuu alikuwa akiiruka. Alinieleza hivi: kila kitu kimebeba vichembe vidogo viitwavyo elektroni. Katika redoksi kuna mnyang'anyi na mnyang'anywa. Anayenyang'anywa elektroni ndiye ameoksidishwa, na aliyepora ndiye ameridusiwa. Haviwezi kutokea kimoja bila kingine, kwa sababu hakuna mwizi bila mwenye mali. Chuma kinaposhika kutu, ndiyo hiyo. Pamanganeti, ile dawa ya zambarau, ni mnyang'anyi mkubwa, na ikishashiba hupoteza rangi.

"Sasa, Jalab," Madam aliniambia, kwa jina nililopewa na wanafunzi, mtu wa maabara, "mwaka huu tumeelekezwa tuandae pamanganeti na chumvi ya chuma. Pia kuna chumvi za kupima kwa nitrati ya fedha. Unaelewa shida iko wapi?"

Nilielewa. Shida ilikuwa maji. Maji ya mfereji wetu yalitoka ziwani yakiwa na uchafu ambao macho hayauoni. Ukiyatumia kwa pamanganeti, uchafu wenyewe unaporwa elektroni, na rangi inaanza kufifia kabla mtihani haujaanza. Ukiyatia nitrati ya fedha yanageuka mawingu meupe, na mtoto ataandika ameona kitu ambacho hakimo kwenye chumvi aliyopewa. Yanatakiwa maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa, mpaka hakuna kitu ndani isipokuwa maji. Yalikuwa yakiletwa kwa mitungi na mfanyabiashara kutoka mjini. Msimu huo mvua ilibeba daraja, na gari lake halikufika.

Ijumaa nilikwenda Oyugis kununua maji ya betri za magari, ambayo nayo hutakiwa kuwa ya mvuke uliopozwa, kwenye duka la vipuri. Niliporudi maabara nikayadondoshea nitrati ya fedha. Mawingu. Mtu alikuwa amejaza mfereji kwenye chupa na kubandika karatasi. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi.

Jumamosi Mwalimu Mkuu alikuwa kanisani. Madam alikuwa kwenye nyumba za walimu akifua. Sikumwuliza mtu. Nilikwenda nyumbani, nikavuta bomba chini ya kitanda, nikaliosha kwa asidi hafifu mpaka likang'aa, nikalisuuza. Nikaazima sufuria kubwa jikoni kwa mpishi wa shule, na unga. Nyuma ya maabara nikawasha mkaa, nikajaza sufuria maji ya mvua, nikaziba kifuniko kwa unga uliokandwa, nikalitia bomba kwenye pipa la maji baridi, na mdomo wake kwenye chupa safi. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe. Matone ya kwanza nikayamwaga, kama mama alivyomwaga yake.

Sasa wewe fikiria umepita pale. Unamwona mtu amechuchumaa nyuma ya jengo, siku ya Sabato, na moto, na sufuria iliyozibwa kwa unga, na bomba la shaba, na pipa. Ungesema ni nini? Mpishi alisema hivyo hivyo, akaenda kumwambia chifu.

Chifu alikuja na askari wake wawili. Sikukimbia. Nilisimama na kitambaa changu mkononi.

"Eeh," chifu akasema, akizunguka pipa. "Na ndani ya shule ya watoto. Nimekamata wapishi wa pombe miaka mingi, lakini wewe una ujasiri."

"Chifu, hayo ni maji."

"Wote husema ni maji." Akaitazama chupa, iliyokuwa imejaa robo tatu. "Hata mama mmoja wa huko Rodi aliniambia ni maji, nikiwa bado askari. Bomba lake sikulipata mpaka leo."

Niliinama nikasogeza mkaa. Bomba lenyewe lilikuwa kati yetu.

Askari mmoja aliinama kuibeba chupa ili aimwage. Nikaweka mkono juu ya chupa. Nilimwambia ayamwage, lakini Jumatatu aje mwenyewe awaambie watoto kwa nini hawafanyi mtihani. Hapo ndipo mwanafunzi aliyekuwa karibu alipokimbia kuwaita wakubwa.

Madam alifika kwanza, amefunga leso kiunoni, mikono ina povu la sabuni. Mwalimu Mkuu alifika nyuma yake kwa miguu kutoka kanisani, suti nyeusi, Biblia kwapani, viatu vina matope. Alilitazama bomba kwa muda mrefu. Uso wake niliusoma: kichwani mwake alikuwa akiitazama bodi.

"Omondi," akasema polepole. "Niambie kwamba sioni ninachokiona."

"Unaona maji ya mtihani, Mwalimu."

"Siku ya Sabato."

"Mvua haikuuliza ni siku gani ilipobeba daraja."

Chifu akasema maneno hayamalizi kesi, kwamba yeye akionja atajua. Madam akamzuia. "Chifu, kwenye maabara hatuonji kitu. Nipe dakika chache." Akaingia ndani, akatoka na rafu ya vioo na chupa ya daikromati ya potasiamu, dawa yenye rangi ya chungwa lililoiva. Akaichanganya na asidi hafifu ya sulfuriki, akaigawa kwenye vioo viwili. Akamweleza chifu kama anavyoeleza kidato cha pili: daikromati ni mnyang'anyi. Ikikuta pombe inaipora elektroni, na yenyewe inageuka kijani. Ikikuta maji matupu inabaki ilivyo, maana hakuna cha kupora.

Akadondosha maji yangu kwenye kioo cha kwanza, akakisimamisha ndani ya kikombe cha maji moto. Tukasubiri. Mimi nilikuwa najua nilichokipika, lakini macho sikuyatoa kwenye kioo. Rangi ilibaki chungwa.

"Hiyo dawa labda imekufa," chifu akasema. Na alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Ningekuwa yeye ningeuliza.

"Ndiyo maana nina kioo cha pili," Madam akajibu. "Ninahitaji chang'aa ya kweli kidogo."

"Ya kweli hatuna. Tuliyoikamata jana imemwagwa yote, kwa sheria."

Kisha yule askari mwingine, mnene kidogo, akakohoa. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa chupa ya soda iliyofungwa kwa kipande cha gunzi.

"Hii ni kielelezo, afande," akasema. "Nilikuwa naitunza."

"Unaitunza kifuani?"

"Isije ikapotea, afande."

Madam akachukua matone machache, akatia kwenye kioo cha pili, akakipasha moto. Chungwa likafifia, likawa kama matope, halafu kijani kikaja, kijani kama majani ya sukuma. Kando yake kioo changu kilisimama na rangi yake ileile. Akaongeza jambo moja ambalo sikuwa nimemwomba: akatia nitrati ya fedha kwenye maji ya mfereji, yakafanya mawingu, kisha kwenye maji yangu, yakabaki angavu kama hakuna kilichoguswa.

Chifu alitazama vioo vyote, akamtazama askari wake, akakunja midomo. "Wewe tutaongea njiani," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Nani alikufundisha kuziba hivyo kwa unga? Hiyo si kazi ya vitabu."

Ningeweza kusema chochote. Mwalimu Mkuu alikuwa pale, na siku ya bodi ilikuwa inakuja. Lakini sikuona kwa nini nimkane mtu aliyenilisha.

"Mama yangu," nikasema. "Ni wa Rodi. Bomba ni lake. Ameokoka siku nyingi, sasa linafanya kazi ya serikali."

Chifu akaangalia bomba upya, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyepotea. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka kofia ikamteleza. "Lilikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye paa."

"Kwenye paa," akarudia, akaenda zake, askari nyuma yake, na chupa ya soda ikabaki kwetu.

Mwalimu Mkuu alibaki amesimama. Akaiweka Biblia yake juu ya pipa jingine lililopinduliwa. "Hata siku ya Sabato ng'ombe aliyetumbukia shimoni hutolewa," akasema. "Endelea na moto wako. Lakini siku nyingine uniambie kabla, nisikie kutoka kwako, si kutoka kwa mpishi."

Jumatatu pamanganeti ilisimama zambarau kwenye bureti zote, mstari mzima wa dirishani, na haikufifia. Watoto walidondosha, wakatikisa, mpaka tone moja la mwisho likaacha waridi jepesi lisiloondoka. Hapo chumvi ya chuma imekwisha kuporwa yote na pamanganeti haina tena wa kumpora. Madam alipita nyuma yao amefunga mikono, nami nilimwona akishusha pumzi.

Bodi ilipokutana, mjumbe mmoja aliuliza tena kuhusu cheti. Niliambiwa na Madam, aliyekuwa ndani kwa niaba ya walimu, kwamba Mwalimu Mkuu alisimama akasema, "Huyu nimemwona akishtakiwa mbele ya chifu, na ameshinda kwa kemia. Mwenye cheti aliyefanya hivyo mnioneshe, nitamchukua." Nikaandikwa wa kudumu. Nikahamia nyumba ya shule, mabati mapya, na watoto wakaanza kuamka dakika chache kabla ya kengele.

Nilikwenda Rodi kumweleza mama. Alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwani, pale uani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, akauliza kama chifu alikuwa mzima wa afya, nikamwambia ni mzima. Kisha akasema, "Kwa hiyo bomba langu limeingia sekondari kabla yako, wuoda." Akaendelea na omena zake, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Nilifanya kazi pale chini ya Walimu Wakuu wengine watatu. Madam alipandishwa cheo akahamishwa, baadaye naye akawa Mwalimu Mkuu kwingine, na kila alipopungukiwa na maji safi alinitumia gari. Mama alituacha akiwa mzee sana, na tulimzika vizuri.

Nyinyi vijana mnaoingia maabara leo mna vyeti na mna mashine ya kuchuja maji inayowekwa ukutani. Vizuri, itumieni. Mimi nawaambia neno moja alilonipa Mkuria mwenye koti la mashimo: kisicho na rangi msikiite maji mpaka kithibitishwe. Mtu pia ni hivyo. Nimeitwa mpika pombe na nimeitwa mtu asiyesoma. La kwanza lilipimwa likakataa. La pili ni kweli, na halikunizuia kitu.

Nimestaafu nikiwa na sitini. Sasa nachemsha maji ya betri kwa watu wa bodaboda na wa taa za sola, na kila chupa naipima kwa nitrati ya fedha kabla haijatoka kwangu. Nikiulizwa nina nini, ninayo haya: nyumba ya matofali ya kuchoma pale Rodi Kopany. Shamba la baba, mawe nimeyatoa. Ng'ombe wanne, mmoja anakamwa. Kibanda cha maji ya betri kando ya barabara ya Rongo. Mke yuleyule. Watoto wanne waliosoma mpaka wakatosheka, mmoja wao anafundisha kemia. Koti moja jeupe. Na bomba la shaba, ambalo liko nje, halifichwi tena.